Ngozi Yetu Haiwi Nyekundu

Siku ya kwanza aliponifundisha kukausha ngozi ya mgonjwa, Mama Muganga alinipiga mkono. Nilikuwa nimeshika taulo, namsugua yaya yangu Furaha, dada yangu mkubwa, begani kama ninavyojisugua mwenyewe nikitoka kuoga, na kabla sijafika kwapani nilipata kofi juu ya vidole.

"Unasugua sufuria?" akaniuliza. "Bandika kitambaa, toa. Bandika, toa. Ngozi hii imepigwa reyo mara kumi na nane. Hata upepo inausikia."

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nina duka langu la kushona, na sikuwa nimepigwa na mtu tangu shule ya msingi. Nilibandika, nikatoa.

Reyo ni jina letu la mionzi ya kutibu kansa. Mashine yake haipo Goma. Anayeihitaji huvuka mpaka, hukaa wiki tano au sita kwa watu asiowajua, kisha hurudi na ngozi ambayo hakuna aliyemweleza itakuwaje. Waliorudi Murara, mtaa wetu, walipelekwa kwa Mama Muganga, muuguzi wa vidonda wa kituo cha afya. Nilikuwa jirani yake kwa miaka kumi na moja. Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa watu gani. Huku kwetu ukitaja ukoo wa mtu, msikilizaji huacha habari na kuanza kuhesabu: huyu wetu, huyu wao. Yeye mwenyewe akiulizwa alijibu, "Mimi ni wa kabila la vidonda. Onyesha chako."

Watu hupenda kusema kwamba wakali wana asali moyoni. Nimewasikia wakisema hivyo juu yake pia, na si kweli. Chini ya hasira yake kulikuwa na hasira nyingine, ya zamani zaidi. Aliwakasirikia wagonjwa waliochelewa, madaktari wasiosema, wachungaji waliouza mafuta ya baraka, wauza dawa waliotoa krimu bila kuuliza inapakwa wapi, na bomba la mtaa lililokauka wiki nzima wakati ziwa linaonekana kutoka juu ya paa. Hasira yake ya kila siku ilikuwa kobalti.

"Ile mashini ya zamani ya reyo inafanya kazi na kobalti," alikuwa akiniambia, amesimama mlangoni pa duka langu. "Na kobalti inachimbwa wapi? Huku kwetu, Katanga. Inatoka kwa malori, tunaitazama inapita. Halafu mama wa Masisi anauza ng'ombe wake avuke mpaka, akapigwe nayo kwa nchi ya wengine. Sasa niambie nisikasirike."

Sikumwambia. Nilikuwa na pini mdomoni.

Akiingia katika nyumba ya mgonjwa hakuanza na bonjour. Aliomba kwanza kuonyeshwa bido, yaani dumu, la maji. Maji yalichemshwa juu ya makaa, yakapozwa, na aliyajaribu kwa upande wa ndani wa mkono wake mpaka asisikie joto wala baridi. Kisha alinusa sabuni. Ikinukia maua aliirudisha: "Hii ikaoshe maua." Alikataza sparadra, ile plasta ya kunata, isiguse ngozi iliyopigwa reyo, kwa sababu ukiibandua inatoka na ngozi. Alikataza dawa ya meno, mawese, majivu, asali, na shuka la moto ambalo mashangazi hupenda kukanda nalo. Alikataza jua. Na mtu akimwambia mgonjwa "vumilia", alimgeukia: "Anza weye."

Urafiki wetu, kama neno hilo linamfaa, ulianza kwa sababu ya sparadra. Alikuja dukani na shuka kuukuu la pamba, akalitupa juu ya mashine yangu. "Nishonee kitu cha kushika kompresi juu ya kidonda cha kifua bila kunata. Na kisikuwe na mushono kwapani."

Nilimweleza kwamba kila blauzi ina mshono kwapani.

"Basi weye si fundi," akasema, akaenda.

Nilikaa na lile shuka siku mbili, nikiwa nimekasirika. Mwishowe nilikata blauzi bila kutenga mikono na kiwiliwili, mikono mipana inayoanguka, mshono nikautoa kwapani na kuupeleka mgongoni, na mbele nikaweka kamba za kufunga. Aliigeuza ndani nje, akapitisha midomo yake juu ya mishono yote, polepole, kwa maana alisema vidole vyake vimekufa kwa sabuni. Kisha akaniambia nishone nyingine sita. Hakusema ni nzuri. Katika miaka yote ile hakusema kitu changu ni kizuri.

Vile vidole vyake sikuwahi kuvizoea. Viungo vya vidole vilikuwa vyeusi kama mkaa, na kati ya kiungo na kiungo ngozi ilikuwa ya njano. Alipokuwa muuguzi kijana alijipaka mekako, zile krimu za kujichubua, miaka minne. Siku moja aliwakuta wasichana wawili dukani kwangu wakichagua kitenge cha harusi, mmoja shingo imeanza kung'aa, na akaweka mikono yake yote miwili juu ya meza mbele yao.

"Angalieni muzuri," akawaambia. "Muganga mkubwa wa hopitali aliniambia wagonjwa wanaamini muganga mweupe. Nilikuwa na akili ya kusoma dawa, sikukuwa na akili ya kumwambia ni mujinga. Reyo inachoma ngozi ya mutu ili imuponyeshe. Mimi nilijichoma bure."

Wasichana waliondoka bila kununua. Nilimlalamikia kwamba ananifukuzia wateja. Akasema mteja mwenye aibu hurudi, na kweli walirudi, ila siku ambayo hakuwepo.

Mimi naijua nguo kwa kuigusa. Yeye aliijua mashine kwa kuiona ngozi. Mgonjwa alivua blauzi tu, na kabla hajatoa makaratasi Mama Muganga alishajua alipigwa na nini. Ile ya zamani ya kobalti, alinieleza, inaanza kazi yake juu juu, ngozi inapata fungu kubwa kabla uvimbe haujapata lake, kwa hiyo inaungua pana na mapema. Ile mpya ina nguvu zaidi na inafikia ukali wake ndani. Inairuka ngozi kwa sehemu kubwa, lakini penye mikunjo, kwapani, chini ya ziwa, kwenye kinena, bado inachoma. Kuna aina nyingine inayopiga juu tu na kuishia hapo, wanaitumia kwenye kovu. "Hiyo inaacha alama yenye kingo," alisema, akionyesha pasi yangu, "sawa vile uisahau juu ya nguo." Na kuna ile wanayoiingiza ndani ya mwili, kwa wenye kansa ya mlango wa kizazi. Hiyo, alisema, nje huoni kitu.

Aliyasema hayo kwa uhakika kabisa, hata lile la mwisho.

"Wiki ya kwanza ngozi inacheka," aliwaambia wagonjwa. "Wiki ya tatu inalia. Na ukimaliza usifanye fete ya kushangilia. Itazidi bado wiki moja ao mbili, njo ianze kupona." Wengi hawakuwa wameambiwa. Walidhani wakitoka kwenye mashine mara ya mwisho maumivu yanabaki kule kule, na yalipozidi nyumbani waliamini wamerogwa au kansa imerudi.

Kulikuwa na mafunzo ya wauguzi katika hoteli moja kando ya ziwa. Daktari mgeni alikuja na picha, akazionyesha ukutani: ngozi iliyopigwa mionzi, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila picha ilikuwa kifua cha Mzungu au shingo ya Mzungu. Hatua ya kwanza, wekundu kidogo. Hatua ya pili, wekundu mkali. Mama Muganga aliinua mkono.

"Docteur, wagonjwa wetu ni weusi. Kwetu hiyo wekundu haionekane. Muganga mudogo akiingoja, ataingoja mpaka ngozi ipasuke. Wetu wanaonekana namna gani?"

Daktari alisema ni swali zuri, watalirudia mchana. Mchana hawakulirudia. Mama Muganga hakungoja sherehe ya kufunga. Alikuja moja kwa moja dukani kwangu, ameshika cheti alichokikunja mara nne, akaniambia nimpe kapu la vipande vya nguo.

Tulikaa pale mpaka jioni. Alivipanga vipande juu ya meza, akivitoa, akivirudisha, akinigombeza kwamba ninaziba mwanga. Cha kwanza kilikuwa rangi ya chai ya maziwa, ngozi kabla ya reyo. Cha pili kahawa kavu. Cha tatu rangi ya biringanya. Cha nne kilikuwa cheusi chenye kijivu juu yake, kama mkaa ulioanza kushika majivu, pale ngozi inapokauka na kupukutika. Cha tano alikosa. Akachukua satini ya waridi, akailowesha maji, akaiweka mwisho. "Hapa imefunguka," akasema. "Hapa tumechelewa." Nilivishona kwenye ukanda mmoja. Kisha akatengeneza mingine, kwa wanawake weusi zaidi, kwa weupe zaidi, na akawafundisha wauguzi wa kituo kwamba macho peke yake hayatoshi: uliza kama inawasha, uliza kama inavuta, weka mgongo wa mkono wako juu ya ngozi na usikie kama ni ya moto kuliko upande wa pili.

Haya yalitokea mwaka mmoja kabla ya yaya yangu kuugua. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba ujuzi ulikuwepo, tena mtaani, katika kapu la mshonaji.

Yaya yangu Furaha ni mkulima wa Kibumba, wa kabichi na viazi. Alikatwa ziwa la kushoto, kisha akapelekwa kwa reyo ng'ambo ya mpaka, mara ishirini na tano. Alhamisi ya wiki ya nne aliingia dukani kwangu bila kupiga simu, mkono wa kushoto ameuinua pembeni kama kuku aliyevunjika bawa, akakaa.

"Sirudi," akasema.

Nilimfungua blauzi. Kifua kilikuwa rangi ya biringanya. Kwapani ngozi ilikuwa imefunguka, inatoa maji, na juu yake kulikuwa na dawa ya meno iliyoganda, ambayo mama mmoja wa kanisa alimpaka kwa wema. Nilikwenda mbio kumwita Mama Muganga. Alipofika hakumgusa. Aliomba kwanza kitabu cha matibabu. Kila wiki daktari au msaidizi wake alikuwa ameandika mstari mmoja kuhusu ngozi. Wiki ya pili: hakuna wekundu. Wiki ya tatu: hakuna wekundu. Wiki ya nne, Jumatatu, siku tatu tu zilizopita: hakuna wekundu.

Aliusoma mara mbili. Kisha alikifunga kitabu, akakiweka chini taratibu sana, na nikaogopa kuliko kama angekitupa.

Tulimwosha. Hapo ndipo nilipopigwa mkono. Alilainisha ile dawa ya meno kwa maji ya chumvi mpaka ikatoka yenyewe, akaweka kompresi yenye vaselini isigande, na juu yake ile blauzi yangu ya kamba. Furaha alilia muda wote bila sauti. Alipotulia akasema tena kwamba harudi.

"Juu ya nini haurudi?" Mama Muganga akauliza.

"Wananiwekea kitu baridi juu ya kifua, kama kagodoro. Halafu wanatoka wote, wanafunga mulango. Kama ni dawa, juu ya nini wanakimbia?"

"Hawakukuambia ile godoro ni ya nini?"

"Waliniambia nisitikisike."

Mama Muganga alivuta pumzi kupitia meno. Akavuta kiti. "Sikiliza. Ile mashini mupya inaruka ngozi, inapiga ndani. Lakini weye ziwa limekatwa, na kama kansa ilibakisha kitu, imebakisha karibu na ngozi. Sasa wanaweka ile godoro juu ili wadanganye mashini. Mashini inazani ngozi inaanza pale juu kwa godoro. Ikifika kwa ngozi yako ya kweli, nguvu yote iko pale. Umeungua kwa sababu walitaka ngozi ipate. Hawakukosea kukupiga. Walikosea kunyamaza. Na wanatoka kwa sababu wao wanakuwa mule kila siku, na wagonjwa makumi. Weye ni wiki tano tu."

"Wangesema hivyo, ningevumilia," Furaha akasema, na Mama Muganga, kwa mara hiyo moja, hakumgombeza mtu kwa neno hilo.

"Ukipiga dawa ya wadudu nusu ya shamba la kabichi," akamwuliza, "wadudu wanaenda wapi?"

"Nusu ingine."

"Basi."

Ijumaa Mama Muganga alimpigia daktari wa kule, nikiwa nimeshika simu mbele ya mdomo wake kwa sababu mikono yake ilikuwa na sabuni. Alijitambulisha, akasema mgonjwa amekosa siku mbili na atarudi Jumatatu. Kisha akauliza, kwa Kifaransa cha darasani, neno kwa neno, "Docteur, mulikuwa munangoja rangi gani?" Daktari akasema mgonjwa akifika atamwona yeye mwenyewe. Sijui uso wake ulikuwaje. Natumaini uliungua.

Siku nne tulimwosha asubuhi na jioni. Jumatatu alfajiri Mama Muganga alimvusha mwenyewe, akampeleka mpaka mlangoni pa yule daktari, na huko hakutoka mpaka aliposikia muuguzi wa kule akifundishwa namna ya kufunga bila kunata. Furaha alimaliza zile saba zilizobaki. Ngozi ilizidi kuharibika wiki mbili baada ya mwisho, kama alivyotabiri, kisha ikajifunga. Leo pale ni pagumu, peusi, pana kingo, na mkono wake haufiki juu ya kamba ya nguo. Lakini yuko hai.

Furaha aliporudi Kibumba alikuta godoro lake limehamishiwa jikoni na mume wake. Kikombe chake kiliwekwa peke yake. Msichana wao wa miaka sita alikatazwa kukaa mapajani mwa mama. Furaha hakuniambia, niliambiwa na jirani yake aliyeleta kabichi sokoni. Nilimwambia Mama Muganga nikidhani atalaani tu kama kawaida. Akavua koti la kazi, akasema tutafute moto, pikipiki ya abiria, na tukapanda wote wawili nyuma ya motari mmoja kwenye barabara ya Rutshuru, mimi nikiwa katikati.

Shemeji yangu alitupokea kwa heshima, akatoa viti. Si mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

"Mama, si ubaya," akasema. "Watu wanasema reyo zinabaki ndani ya mutu. Niko na mutoto hapa."

"Taa ikizimika, wewe unabaki na mwanga kwa mufuko?"

"Hapana."

"Ile ni mashini. Inawaka, inazima. Bibi yako alitoka mule bila kitu. Hata siku ile ile ungeweza kulala naye." Akamgeukia Furaha. "Ukikubali, fungua."

Furaha aliuangalia mlima. Kisha akafungua kamba. Msichana alisimama mlangoni. Mume alitazama kile kifua cheusi, tambarare, kwa mara ya kwanza, na uso wake ukaporomoka.

"Weka mukono," Mama Muganga akasema.

Aliuweka kama mtu anayegusa kifuniko cha chungu kilicho motoni, akautoa upesi. Akaangalia kiganja chake. Msichana hakungoja kuambiwa. Alipita chini ya mkono wa baba yake, akapanda mapajani, akaegemeza shavu lake pale pale penye ugumu, na Furaha akakaza meno kwa maumivu na hakumwondoa.

Godoro lilirudishwa jioni ile ile, shemeji alilibeba kichwani mwenyewe. Alitaka kutununulia bia, Mama Muganga akakataa. Njiani aliniambia sikioni, kwa sababu ya upepo, "Amerudisha godoro. Moyo sijui."

Ningeweza kuishia na habari kama hizo, na angebaki mtu wa kusifiwa msibani. Lakini kuna mama wa mtaa wa Lac Vert, muuza samaki, ambaye alikuwa amefanyiwa ile reyo ya kuingizwa ndani. Alikuja kituoni wiki mbili baada ya kurudi. Mama Muganga aliangalia tumbo, akaangalia kinena, akaona ngozi imekuwa nyeusi kidogo tu. "Una bahati," akamwambia, akampeleka nyumbani, kwa maana foleni ilikuwa ndefu.

Yule mama aliona aibu kusema kwamba ndani kunawaka moto na damu inatoka. Alishaambiwa ana bahati. Alirudi baada ya miezi minane. Ndani kulikuwa kumeshikana na kuziba, na mume alishaondoka. Kama angeulizwa mapema, kuna njia za kufundishwa za kuzuia pasizibe. Alichosema ni hiki tu: "Mama, ni weye ulisema niko na bahati."

Mama Muganga alinisimulia haya akiwa ameketi dukani, kitu alichofanya mara chache sana. Nilisimamisha mashine. Nilimkasirikia kama sijawahi kumkasirikia mtu. "Uko na mdomo wa kila kitu," nikamwambia. "Ulikosa mdomo wa kuuliza?"

"Ndiyo," akasema.

Tangu siku hiyo alifunga mlango na kumwuliza kila mwanamke, kwa maneno ya waziwazi yaliyowafanya wengine wafunike uso, na foleni ikangoja. Kila Jumapili baada ya misa Mama Muganga alikwenda kumtembelea yule mama wa Lac Vert. Hakuniambia walizungumza nini, nami sikuuliza.

Kisha vita viliingia, na mji ukapata wenyewe wengine. Kituo kiliporwa kwa siku mbili: magodoro, friji, masanduku ya kompresi, hata milango. Uwanja wa ndege ulinyamaza na vifaa havikuja. Mama Muganga alikuwa ameshastaafu, akarudi kazini bila kuitwa. Mimi nilikata mashuka ya pamba kuwa vipande, yeye akavipika katika sufuria ya mvuke, na wagonjwa wakafungwa hivyo miezi kadhaa. Alichoka. Nyumba yake ya mbao ilikuwa imetobolewa na risasi juu ya kitanda. Mdogo wake alimchukua akakae naye Lac Vert, na kwa karibu mwaka mzima nilimsikia kwa simu tu, akinilaumu kwamba sipigi.

Nilimwona tena Alhamisi moja kwenye barieri ndogo, kituo cha mpakani, nikivuka kwenda kununua zipu na uzi Gisenyi. Alikuwa mbele yangu katika foleni, amekonda, kitenge kimemzunguka mara mbili. Kwapani alibana bahasha kubwa ya kahawia. Miaka yote nimeziona bahasha hizo mikononi mwa wanawake wanaokwenda kwa reyo. Nikamshika bega.

"Ni ya nani?" nikamwuliza.

"Ni yangu."

"Ziwa?"

"Ziwa. Leo wanachora alama tu. Jumatatu ninaanza."

"Umejua tangu lini?"

Alitazama mbele. "Miezi minane."

Sikumbuki vizuri nilichosema baada ya hapo. Najua nilisema kwa sauti, na wabeba mizigo waligeuka. Nilimwambia kwamba amewatukana wanawake wa mji huu miaka thelathini kwa kuchelewa wiki tatu. Nilimwambia kwamba Furaha alimtii, kwamba mimi nilimtii, kwamba alinipiga mkono. Nilimwuliza kama alidhani uvimbe wake umesoma uuguzi. Foleni ilisogea, nasi tukasogea nayo, nikiendelea kusema.

Aliningoja nimalize. Kisha akasema, bila ukali, na kukosa ukali kwake ndiko kulikonitisha, "Mutu asiyejua anaogopa kitu kimoja. Mimi niliogopa vyote, kimoja kimoja, kwa majina. Nilijua wiki ya tatu itakuwa namna gani. Nilijua kila kitu, fundi. Njo maana nilikawia."

Nilibaki na hasira yangu mkononi kama mtu aliyepewa mtoto wa mwingine ashike. Ningali nayo. Sijamsamehe ile miezi minane.

"Nani anaenda nawe kukulinda?" nikauliza.

"Hakuna. Mdogo wangu ana wajukuu."

"Nani atakuosha?"

"Nitajiosha."

"Kwapani? Kwa mukono gani?"

Aliibana bahasha kwapani zaidi.

Jumatatu nilifunga duka, nikaandika kwenye mlango kwamba nimesafiri, nikamkuta barieri kabla haijafunguliwa. Alipoona mfuko wangu alisema chumba cha kule ni kidogo, nitakijaza. Nikamwambia anyamaze, na akanyamaza. Afisa wa dirishani, kijana mwenye daftari, alipokea makaratasi yake, akayasoma, akauliza mimi ni gardi-malade wake, mtu wa kumuuguza, kwa undugu gani, kwa maana kuna nafasi ya kujaza.

"Huyu," Mama Muganga akasema, "ni mutu wa kunigombeza."

Afisa aliinua kichwa. Aliangalia uso wake, akaangalia wangu, akaona tumekunja nyuso namna moja. Akaandika: mutoto wake. Tulilisoma neno hilo wote wawili, kupitia kioo, na hakuna aliyemsahihisha.